Mtihani wa Mnong'ono

Nchi ninayoisimulia ina jina zuri tu, lakini sitalitaja, maana kulitaja bila kibali ni kosa, na kibali hutolewa na ofisi ambayo nayo haitajwi. Wewe iite tu "kule". Kule ndiko nilikozaliwa, ndiko nilikopewa kazi, na sina neno baya hata moja la kusema juu ya kule. Nataka hilo lieleweke tangu mwanzo.

Kazi yangu ni ushereheshaji. Mimi ndiye mshereheshaji wa Kiwanda cha Taifa cha Nguo. Akija mgeni mkubwa, mimi ndiye ninayeshika kipaza sauti, ninayetaja vyeo vyake bila kuruka hata kimoja, na ninayewaambia wafanyakazi lini wapige makofi na lini wapige vigelegele. Mtaani wananiita Kipaza. Jina nililopewa na wazazi wangu limesahaulika, nami sijahangaika kulitafuta.

Kiwanda chetu kina kelele. Sisemi hivyo kwa kulalamika, nasema kwa fahari, kama tulivyofundishwa. Mashine za kufuma zimepangwa safu kwa safu ndani ya ukumbi mmoja wa mabati. Kila moja inapiga kama mtu anayegonga sufuria kwa nyundo, na zote zinapiga kwa pamoja. Ukisimama mlangoni unahisi meno yanatikisika. Wageni kutoka nje hupelekwa pale mlangoni makusudi, na wakitoka wameshika vichwa, Meneja wetu, Mheshimiwa Lukindo, huwaambia, "Hiyo ndiyo sauti ya maendeleo." Wageni hujibu, "Eeh?" Naye hufurahi, maana hakuna swali linalofuata.

Wafumaji wote ni wanawake. Wakishakaa ukumbini miaka kadhaa, masikio yao huziba. Zamani jambo hilo liliitwa ugonjwa. Siku hizi linaitwa uzoefu. Na kwa kuwa ukumbini hata mwenye masikio mazima hasikii kitu, wanawake wale, tangu enzi za mama zao, wamezoea kusemezana kwa midomo. Huyu wa safu ya kwanza anachezesha midomo bila kutoa sauti, yule wa safu ya mwisho anaangua kicheko. Harusi zimepangwa hivyo, ugomvi umesuluhishwa hivyo, na mawifi wengi wamesengenywa hivyo. Sisi wa ofisini tulikuwa tukiona midomo inacheza tunadhani wanatafuna karanga. Meneja aliwahi hata kupiga marufuku karanga.

Miongoni mwao alikuwamo jirani yangu, Bi Mwamvita. Tulikaa ua mmoja katika nyumba za kiwanda, mlango wake ukitazamana na wangu. Hakuwa amesikia kitu tangu binti yake Raziki alipokuwa anatambaa. Raziki ndiye aliyekuwa masikio ya nyumba ile. Mtu akipiga hodi, Raziki anamgusa mama yake begani. Mvua ikianza kugonga bati, anamwambia kwa midomo, "Mama, nguo kambani!" Jioni anawasha redio, anasikiliza taarifa ya habari, kisha anageuka na kumsimulia mama yake, bila sauti, jinsi dunia ilivyoshinda. Nilipenda sana kuwatazama. Taarifa ya Raziki ilikuwa fupi kuliko ya redio, na mara nyingi mama yake alicheka katikati yake, jambo ambalo redio haikuwahi kulisababisha.

Raziki alipomaliza shule alizunguka mji mzima akitafuta kazi. Kule kuna sehemu mbili za kuombea kazi: kiwandani, na kwenye ofisi inayokupeleka kiwandani. Siku alipovaa koti la bluu la wafumaji, Bi Mwamvita alilia waziwazi pale uani bila kujali nani anamwona.

Kuanzia jioni ile akaanza mchezo ambao mwanzoni nilidhani ni kuchanganyikiwa. Raziki akiwa ameinama anachambua mchele, mama yake anamnyatia kwa nyuma na kuangusha kifuniko cha sufuria sakafuni. Kuku wanatawanyika, paka anarukia dirishani, na Raziki naye anaruka.

"Nimesikia, mama! Umenishtua!"

Bi Mwamvita, ambaye mwenyewe hakusikia chochote, anaokota kifuniko na kushusha pumzi. Alikuwa anapima. Kila jioni alipima.

*

Haikupita muda akaenda kwa Meneja kuomba vifaa vya kuzibia masikio. Mimi nilikuwamo ofisini nikifanya mazoezi ya kutamka vyeo vya Waziri, kwa hiyo nilishuhudia mazungumzo yote.

"Shikamoo mheshimiwa," alisema kwa sauti kubwa iliyopanda na kushuka, kama wasemavyo watu wasiojisikia. "Nimekuja kuomba vya kuzibia masikio. Vile wanavyovaa wenzetu wa nchi nyingine."

"Marahaba. Vya nini?"

"Kelele, mheshimiwa."

"Zinakusumbua?"

"Mimi tena! Mimi sisikii."

"Basi huvihitaji."

"Si mimi. Ni mwanangu Raziki, ameanza kazi juzijuzi. Yeye anasikia."

"Anasikia vizuri?"

"Vizuri kabisa, namshukuru Mungu."

"Basi hana tatizo," alisema Meneja kwa upole wa baba. "Kiwanda hakiwezi kumtibu mtu mzima wa afya, mama. Siku akipata tatizo, mlete hapa hapa."

"Siku hiyo atakuwa ameshakuwa kiziwi, mheshimiwa. Vitamsaidia nini?"

"Umeona? Umesema mwenyewe. Kiziwi havimsaidii. Ndiyo maana hatujawahi kuvinunua."

Nilivutiwa sana na hoja hiyo. Niliigeuza huku na huku nisione pa kuishika. Bi Mwamvita alibaki akimtazama Meneja mdomoni, kana kwamba kuna maneno mengine yamechelewa njiani, kisha akasema, "Asante, mheshimiwa," akatoka kinyumenyume hadi mlangoni.

Hilo la kinyumenyume lazima nilieleze. Kule hatumpi mkubwa mgongo. Ukitoka mbele yake unarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka uuguse mlango. Wengi wameumia visigino kwa ajili ya heshima hii. Kumpa mkubwa mgongo ni kumtukana, na kumpa mgongo mtu wa Serikali ni kuitukana Serikali yenyewe, na hilo lina kifungu chake.

*

Huenda mambo yangeishia pale. Lakini wanunuzi wetu wa ng'ambo, watu wanaopenda sana kuuliza, walitaka kujua kama masikio ya wafumaji yanalindwa, la sivyo wangenunua mashuka yao kwingine. Waziri wa Kazi, Afya, Utulivu na Utamaduni, Mheshimiwa Mahundu, alichukia. Alisema redioni kwamba masikio ya wananchi ni mali ya Taifa, na hakuna mgeni atakayetufundisha kuyapenda. Kisha akamtuma Profesa Kitunda aje kuyapima.

Mashine ya kupimia masikio ipo nchini, tena ya kisasa, lakini wiki ile ilikuwa imeazimwa kwa harusi ya mpwa wa Waziri, kwa sababu ilikuwa na spika nzuri. Profesa akaamua kutumia mtihani wa mnong'ono. Mfanyakazi anakaa kitini, amempa Profesa mgongo, Profesa ananong'ona neno, mfanyakazi analirudia. Akilipata, anasikia. Asipolipata, ni kiziwi. Kitu rahisi, alisema, hata wazee wetu wangeweza.

Wa kwanza alikuwa Bi Chausiku, mfumaji wa siku nyingi ambaye hasikii hata radi. Alikaa akimtazama Profesa.

"Geuka, mama," Profesa alimwambia kwa ishara.

Bi Chausiku akashika kifua. Ampe profesa mgongo? Mtu mwenye tai? Profesa akazunguka nyuma ya kiti. Bi Chausiku, kwa adabu zake zote, akageuka na kiti. Profesa akazunguka tena, Bi Chausiku akageuka tena. Walizunguka hivyo mpaka vumbi likatimka. Ndipo Afisa wa Usalama aliyefuatana na Profesa akasimama.

"Profesa, unamlazimisha mwananchi aitukane Serikali mbele yangu?"

Profesa aliwaza kiinua mgongo chake. Akarudi mbele, akainama kidogo, akanong'ona, "Umoja."

"Umoja," alijibu Bi Chausiku, macho kwenye midomo yake.

"Nidhamu."

"Nidhamu."

"Uzalishaji."

"Uzalishaji, baba. Na midomo yako imekauka, hebu wakuletee maji."

Wakafaulu mmoja baada ya mwingine. Kufika adhuhuri sauti ya Profesa ilikuwa imekwisha kabisa, akawa anafungua na kufunga mdomo tu, nao wakazidi kufaulu. Alishangaa mpaka akavua miwani. Kisha akatupima sisi wa ofisini ili apate kulinganisha, na sisi hatukusikia hata neno moja. Meneja alifeli. Mimi nilifeli vibaya sana. Profesa alitutazama kwa huruma.

Bi Mwamvita alikuwa ameyaona yote haya kutoka kwenye foleni. Wenzake walitoka wakicheka na kupongezana, kwa sababu nani hapendi kufaulu? Raziki naye alifaulu, akatoka na kicheko. Bi Mwamvita hakucheka. Alishajua kwamba ukumbi mzima ukifaulu, mwanawe hatapata cha kuzibia masikio milele.

Ilipofika zamu yake alikwenda hadi kwenye kiti, akakishika kwa mikono miwili, akakigeuza kuelekea ukutani, akakaa.

Foleni nzima ilirudi nyuma hatua moja. Mgongo wa koti lake la bluu, wenye nembo ya kiwanda, ulikuwa unamtazama Profesa, unamtazama Afisa wa Usalama, unaitazama picha ya Kiongozi wetu iliyotundikwa juu ya mlango.

"Umoja," alinong'ona Profesa.

Kimya.

"Nidhamu."

Kimya. Raziki, aliyekuwa anachungulia dirishani, alijishika mdomo.

"Mama," Afisa wa Usalama alisema kwa sauti ya kawaida, na niliiogopa sauti ile ya kawaida, "Serikali iko nyuma yako."

Bi Mwamvita aliendelea kuutazama ukuta, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri chai. Profesa alitafakari kisayansi, kisha akatoa matokeo: "Huyu anasikia. Ila ana kiburi."

Siku iliyofuata aliondolewa kwenye mashine yake akapewa fagio, awe anafagia vumbi la pamba chini ya mashine za wenzake.

*

Waziri alikuja mwenyewe kutangaza matokeo. Nilivaa suti. Nilitaja vyeo vyote vinne pamoja na kile cha heshima alichopewa na chama cha wafuga nyuki. Wafumaji walipangwa uwanjani mbele ya jukwaa, wale wa zamani mbele kabisa, kwa kuwa ndio waliofaulu zaidi.

"Ndugu wafanyakazi!" alisema Waziri. "Wapinzani wetu walisema kelele zinaharibu masikio. Sayansi imewaumbua! Waliokaa ndani ya kelele miaka mingi wanasikia hata mnong'ono usio na sauti. Waliokaa ofisini penye utulivu wamefeli wote. Je, tufanye nini na ushahidi huu? Tuongeze kelele!"

Nikatoa ishara, makofi yakapigwa. Waziri akatangaza kwamba mashine mpya, kubwa mara mbili, zingeletwa, na kwamba wenye masikio mabovu kutoka mikoani wangeletwa ukumbini kupata matibabu. Makofi tena. Kisha akaketi, na wakati kwaya ya kiwanda ikiimba, akainama kwa Profesa. Mimi nilikuwa nimesimama kati yao na kipaza sauti kilichozimwa. Sikusikiliza, kwa kuwa si kazi yangu kusikiliza, ila nilisikia.

"Hebu niambie kweli," alinong'ona Waziri. "Hawa ni viziwi?"

"Wote, mheshimiwa. Sijui wanafauluje."

"Na wale wapya?"

"Mwaka hautapita."

"Vizuri. Kiziwi hasikilizi uvumi."

Akaegemea kiti chake, akawapungia wafumaji mkono kwa tabasamu. Niliwatazama. Safu za mbele zilikuwa zimeganda. Midomo ikacheza kidogo, safu kwa safu, kurudi nyuma mpaka walipokuwa wamesimama wale wasichana wapya, kisha nayo ikatulia. Kwaya ilipomaliza niliinua mkono kutoa ishara ya makofi. Hakuna aliyepiga. Nikaita, "Vigelegele kwa Mheshimiwa!" Mamia ya wanawake walinitazama mdomoni, nikashusha mkono.

"Wamechoka," Meneja alimwambia Waziri. "Ni furaha."

*

Asubuhi moja baada ya hapo, nikiwa ofisini, nilihisi kizunguzungu. Meneja naye alitoka chumbani mwake ameshika ukuta. Tulitazamana tusijue tunaumwa nini. Kisha tukasikia viatu vyetu sakafuni, halafu nzi kwenye dirisha, ndipo tukafahamu. Mashine zilikuwa zimesimama.

Mji mzima ulitoka nje. Watu walizungumza kwa kunong'ona wakiogopa sauti zao wenyewe. Mbwa walilia mchana kweupe. Ukumbini, kila mfumaji alikuwa amesimama kando ya mashine yake, mikono nyuma, hasemi. Hakuna mkutano uliokuwa umefanyika, hakuna kipeperushi, hakuna aliyesikika akisema lolote. Kumbe fagio la Bi Mwamvita lilikuwa limezunguka ukumbi mzima siku zote zile, na kila lilipopita lilisimama kidogo, na midomo ikacheza.

Waziri alifika kwa haraka ambayo sijawahi kuiona Serikalini. Alisimama mlangoni pa ukumbi pamoja na Meneja na Afisa wa Usalama, na mimi nikiwa na kipaza sauti ambacho safari hii hakikuhitajika.

"Mnataka nini?" aliuliza.

Bi Mwamvita alisogea mbele na fagio lake. Alisema kwa ile sauti yake inayopanda na kushuka, "Shikamoo mheshimiwa. Sisi wakongwe hatutaki kitu, masikio yetu yameshakwenda. Tunawaombea watoto. Kila anayesikia apewe cha kuzibia masikio. Akishapewa, mashine zitapiga kama kawaida."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Waziri alitabasamu kwa wote, kisha akamgeukia Afisa wa Usalama, akanong'ona chinichini kiasi kwamba hata mimi niliyekuwa kando yake nilidaka kwa taabu: "Wakubalie chochote. Mashine zikianza, huyu wa fagio achukuliwe."

"Hakuna haja ya kunichukua, mheshimiwa," Bi Mwamvita alisema kutoka kule alikosimama, kwa adabu kabisa, kama mtu anayejibu alipoulizwa. "Nikiitwa nitakuja mwenyewe."

Nilimwona Raziki akifumba macho. Adabu ilikuwa imemponza mama yake. Katika nchi yetu, mkubwa akikutaja, unaitika. Ndivyo alivyolelewa, na ulimi ukatangulia.

Waziri alibaki mdomo wazi. Alitazama umbali uliokuwapo kati yake na mwanamke yule. Akatazama safu za wanawake, macho yao yote, na nikaona jinsi alivyoanza kukumbuka: lile jukwaa, kwaya, na labda majukwaa mengine mengi, miaka mingi, wafumaji wakiwa wamepangwa mbele. Polepole aliinua kiganja akafunika mdomo wake.

Alikaa na kiganja pale muda mrefu. Alipokishusha alikuwa mpole kuliko nilivyowahi kumwona.

"Mmeshinda," alisema. "Vifaa vya kinga vitaletwa. Si kwa watoto tu. Kwa kila mmoja wenu."

Wanawake wakapiga vigelegele bila mimi kutoa ishara. Raziki alimkumbatia mama yake, na mimi, nakiri, nilifuta machozi, maana ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kule mtu kuomba kitu akakipata.

*

Vifaa vililetwa kwa ngoma na msafara. Makasha yalipangwa jukwaani yakiwa na utepe. Waziri aliukata, akaingiza mkono, akainua juu kifaa cha kwanza ili kila mtu akione.

Ilikuwa barakoa. Nzito, nyeusi, inayoanzia chini ya macho na kushuka hadi kidevuni, yenye kamba ya kufungwa nyuma ya kichwa na kitufe cha chuma ambacho hufunguliwa na msimamizi peke yake.

"Ndugu wafanyakazi," alisema Waziri, naye akiwa ameshika karatasi ya hotuba mbele ya mdomo wake, "Profesa Kitunda amegundua kwamba kelele haziingii kupitia masikioni, kama walivyodhani wakoloni. Kelele huingia kupitia mdomoni. Mdomo ukizibwa, sikio limelindwa. Kuivua barakoa ndani ya ukumbi ni kuhujumu afya yako, na afya yako ni mali ya Taifa."

Mimi nilisema, "Makofi." Hiyo ndiyo kazi yangu.

Mashine mpya zilifungwa mwezi uleule. Sasa ukisimama mlangoni hutikisiki meno tu. Unahisi kifua kinagongwa kutoka ndani. Chini ya mabati yale wanawake wanasimama safu kwa safu, macho juu ya kitambaa cheusi, na hakuna kicheko kinachotoka safu ya mwisho. Siku moja mkanda wa mashine ulimshika Bi Chausiku mkono wa koti. Waliokuwa mbele yake waliuona tangu ulipoanza kuteleza. Walimwita wote, niliona barakoa zao zikichezacheza, na yeye akawatazama, akajaribu kuelewa, huku mkanda unamvuta. Vidole vyake havikupatikana vyote. Taarifa ya kiwanda ilisema alipuuza onyo la wenzake.

Bi Mwamvita hawakumchukua. Waziri ni mtu mwenye busara. Alisema hapana haja tena. Anafagia bado. Fagio linazunguka ukumbi mzima na halisimami popote.

Nyumbani, Raziki aliendelea kuwa masikio. Jioni walivua makoti, wakaosha alama nyekundu za kamba mashavuni, wakawasha redio, na Raziki akamsimulia mama yake habari. Nilipata faraja kuwaona. Lakini niligundua, maana tunatazamana milango, kwamba kila siku redio ilikuwa inapandishwa sauti kidogo. Mwanzo nilidhani ni kwa heshima yangu, ili nami nisikie.

Kisha ikaja jioni ile. Raziki alikuwa ameinama anachambua mchele, mgongo kwa mlango. Bi Mwamvita akatoka jikoni na kifuniko, akanyata, akakiachia.

Kuku walitawanyika. Paka alirukia dirishani. Mimi, upande wa pili wa ua, niliruka nikamwaga chai.

Raziki aliendelea kuchambua mchele.

Bi Mwamvita alisimama nyuma yake. Aliwatazama kuku, akamtazama paka, akanitazama mimi na chai yangu iliyomwagika. Akaokota kifuniko, akakiinua juu zaidi, akakiachia tena. Niliziba masikio. Raziki alipuliza makapi, akatoa jiwe dogo, akalitupa.

Ndipo mama yake akazunguka taratibu, akachuchumaa mbele yake, akamuuliza kwa midomo, "Umesikia, mwanangu? Kifuniko kimeanguka."

Raziki aliinua macho akaitazama midomo ya mama yake. Akatabasamu, lile tabasamu nililoliona kwa wote siku ya mtihani.

"Nimesikia, mama," alisema, na sauti yake ikapanda mno na kushuka mno. "Umenishtua."

Bi Mwamvita alimshika mashavu kwa mikono miwili. Baadaye waliketi mkekani kula, bega kwa bega, migongo yao ikiielekea redio iliyokuwa inanguruma dirishani. Niliona si vizuri kukaa kimya jirani yangu akiwa katika hali ile, nikavuka ua kwenda kuwapa pole.

Nilipiga hodi. Nikapiga tena kwa sauti yangu ya jukwaani, ile inayofika mpaka getini. Hakuna aliyegeuka. Redioni Waziri alikuwa anahutubia Taifa juu ya ulinzi wa masikio.

"Ndugu wafanyakazi," alisema, "tumewasikia."